Waya Katika Mti wa Mwalimu Gérard

12 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya redio tu: tarehe, saa, mita za mawimbi, kituo gani, kinasikika vipi. Leo naandika habari za watu kwa sababu nimekasirika, na mke wangu Chadia amesema masikio yake yamejaa.

Habari yenyewe ni sola ya Mama Nkandu. Mama huyu ni mjane, anauza samaki wakavu wa Pweto, na amepanga chumba cha nyuma kwenye kiwanja cha nyumba cha jirani yangu, lupango ya Mwalimu Gérard. Ukuta mmoja tu unatutenganisha. Mwezi uliopita alinunua sola ndogo ya bei rahisi yenye taa mbili, na kila akiziwasha, redio yangu inalia zzzz kama nzi aliyefungiwa chupani. Miaka thelathini na mbili nasikiliza mawimbi mafupi hapa mtaa wa Hewa Bora. Nina kadi mia mbili na kumi na mbili kutoka vituo vya nchi ambazo sitazikanyaga. Sasa taa mbili za muuza samaki ndizo zinishinde?

"Achana na mama ya batu," Chadia akasema. "Kukosa taa iko mubaya kupita kukosa redio."

Mvua hakuna. Joto la kukaanga njugu bila moto.

14 Oktoba

Nimeshona suruali nne za shule, koti moja la harusi. Zzzz.

19 Oktoba

Leo nimesikia kitu. Saa moja kasoro robo jioni, mita sitini, chini kabisa ya kelele: wanawake wanaimba polepole, kisha mwanamume anasema maneno machache kwa lugha nisiyoijua. Si Afrika, wala si Asia ninayoizoea. Nadhani ni kituo kidogo cha visiwa vya Pasifiki, kule ambako saa hizo alfajiri haijafika. Nina miaka sitini na mmoja, fundi cherehani mwenye wajukuu, na nilibandika sikio kwenye redio kama mtoto.

Kituo hutaja jina lake saa inapogonga. Bila jina huwezi kuwaandikia ripoti kwamba umewasikia, na bila ripoti hawakutumii kadi. Saa moja kamili ikafika, na Mama Nkandu akawasha taa zake.

20 Oktoba

Mvua ya kwanza. Dakika kumi. Vumbi limelala.

25 Oktoba

Chancelvie, binti wa Gérard, alikuja na simu yake kuniandikia ripoti ya kituo kingine. Ana miaka kumi na tisa na ndiye karani wangu tangu barua za karatasi zilipoacha kufika. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kifaransa kizuri kuliko nilivyosema, kisha ananisomea na kunicheka.

Akaangalia waya dirishani akauliza kama nimeukaza, maana mvua zimeanza. Nikamwambia nimeukaza. Waya huo, unaoikamatia redio mawimbi, una mita ishirini na mbili. Unatoka chumba changu cha kushonea, unavuka ukuta, unafungwa kwa kamba kwenye mti wa avoka wa baba yake. Sheria yetu ina miaka ishirini. Redio inasikia radi kabla ya sikio la mtu; ikianza kupasukapasuka, napiga mluzi mara mbili, na yeyote aliye kwa Gérard anakimbia kufungua kamba. Waya unaanguka, mimi nauvuta kwangu. Mama Léonie, mke wa Gérard, amewahi kuacha bukari, ugali wetu, motoni kwa ajili ya mluzi wangu. Hatujakosea hata mara moja.

"Papa Zakari," Chancelvie akaniambia akiondoka, "siku utapata ile kituo ya visiwa, mi njo nitaandika, hein. Usipatie mutu mwingine."

2 Novemba

Nilikwenda kwa Mama Nkandu kwa adabu. Nilimsalimu, niliuliza habari za Pweto, ndipo nikamwomba azime sola dakika kumi tu, saa moja jioni.

"Saa ile niko natenga samaki," akasema. "Nitaona na nini? Na vidole?"

"Na tochi, mama."

"Donc mi nikae mu giza, ju we usikie bantu benye haukujue."

Nikamjibu kwamba harufu ya samaki wake naivumilia miaka minne bila kulalamika. Akacheka. Angenitukana ningelala vizuri, lakini alicheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia Chadia natamani mama huyu arudi kwao, hata kesho. Naliandika hili ili nisije nikasema sikulisema.

6 Novemba

Visiwa tena. Wimbo uleule wa wanawake. Saa moja kamili: zzzz.

7 Novemba

Mvua.

8 Novemba

Mvua. Nimetia mafuta cherehani.

10 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na saa, ndicho ninachokijua.

Jana, Jumamosi, Mama Nkandu alikuwa bado sokoni na redio ilikuwa safi. Saa moja kasoro dakika kumi visiwa viliingia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, utadhani wanaimba katika lupango ya pili. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa mashariki. Kasoro saba, redio ikaanza kupasuka. Ta. Ta-ta. Nilijua ni nini, hakuna mtu Hewa Bora anayejua sauti hiyo kunishinda. Nikajiambia radi iko mbali, iko huko Kasenga, ngoja dakika saba tu jina litajwe.

Kasoro mbili ilipasuka hadi masikio yakauma. Hofu ikanishika. Nikachomoa waya kwenye redio na kuitupa ncha yake nje ya dirisha. Nikatia vidole mdomoni nipige mluzi. Kisha nikavitoa. Waya ukishaangushwa, kuufunga tena juu ni kazi ya nusu saa, na mimi nilitaka kuuchomeka tena saa ikigonga, nisikie jina, basi. Nilijikinga mimi na nikaikinga redio, na waya ukabaki mtini.

Mwanga ulikuja pamoja na sauti, hapakuwa na nafasi kati yao. Kisha nikasikia Mama Léonie akilia jina la mtoto.

Chancelvie alikuwa amelala ubavu, hatua mbili kutoka kwenye shina. Hakuna aliyemwita pale. Alisikia ngurumo, akaona waya bado uko juu, akaenda kuufungua bila kungoja mluzi. Alikwenda kwa ajili yangu. Sikumwona akienda, lakini nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Gérard alimbeba mikononi hadi barabarani, watu wote wakawafuata, na mimi nikabaki. Kamba ilikuwa imeungua na mvua imechukua majivu yake. Nikauvuta waya kimyakimya nikauficha chini ya vitambaa. Mikono iliyofanya hivyo ni hii inayoandika.

Asubuhi ya leo Gérard alitoka hospitali akaja moja kwa moja kwangu. Mtoto yuko hai, Mungu ashukuriwe. Hakutaka kukaa.

"Ba Zakari, niambie kweli. Ile waya ilikuwa juu?"

Ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa anatafuta sababu, na sababu ilikuwa imekaa mbele yake na futi ya kupimia shingoni.

"Hapana," nikasema. "Niliishusha tangu saa kumi na mbili."

"Sasa mutoto alienda kutafuta nini ku muti, na ile mvua?"

"Sijue, Gérard."

Akanishika bega, akanishukuru.

13 Novemba

Chancelvie amerudishwa nyumbani. Mkono wa kulia haufungi, vidole vimekaa wazi. Nilipeleka machungwa. Siku ile yote imefutika kichwani mwake.

"Papa Zakari, mi nilikuwa naenda kufanya nini kule?"

Nikasema apumzike, asijichoshe.

Mti ungepigwa hata bila waya. Miti mirefu hupigwa. Nimejiambia hivyo kutwa nzima nikishona, na nimeshona mkono wa koti kinyume.

16 Novemba

Mama Léonie amemleta Pasta Gauthier wa chumba cha maombi cha barabara ya pili. Nilikuwa nimekaa nao sebuleni, na chungwa langu mkononi kama mjomba mwema.

"Mutoto aliitwa," pasta akasema. "Mutu mwenye akili hawezi kutoka mu nyumba na kwenda ku muti saa ya radi. Anaitwa. Sasa mujiulize: nani iko mu hii lupango na haiko wa jamaa? Na nani hakukuwa hapa saa ile?"

Wote wakageuka kutazama dirisha la nyuma. Mama Nkandu alikuwa uani anaosha vikapu vyake.

Nilimtazama Gérard. Miaka yote nimemsikia akiwakemea watu wanaoamini radi hutumwa na wachawi, akiwachorea mawingu kwa chaki ukutani. Leo alikaa kimya na nikamdharau. Usomi wote ule, nikajisemea, umeyeyuka kwa wiki moja! Nilirudi kwangu na dharau hiyo, na nilipofika mlangoni nikaona aibu. Alikuja kwangu kuulizia sababu nami nikamnyima. Angeshika nini kingine?

17 Novemba

Mvua. Mama Nkandu amefagia uani peke yake. Alisalimu watu watatu. Hakuna aliyeitikia.

18 Novemba

Chadia anasema Chancelvie hatoki nje bila kushikwa mkono na mama yake, hata kwenda chooni. Anaogopa ataitwa tena na miguu yake itaitika bila yeye.

19 Novemba

Mvua. Zzzz saa moja jioni. Leo nilifurahi kuisikia, maana yake bado yupo.

21 Novemba

Hayupo tena.

Vijana wa barabara walikuja saa nne asubuhi na kutupa vikapu vyake nje. Samaki walimwagika kwenye matope na wengine wakakanyagwa. Hakupigwa, Gérard alisimama mlangoni kuzuia hilo, lakini alizuia hilo tu. Mama Nkandu hakulia. Aliokota samaki mmoja mmoja, akawafuta kwa kitenge chake, akawapanga upya. Kisha akapanda lori la kwenda Kasomeno, ambako ana mdogo wake.

Mimi nilikuwa dirishani. Aliinua kichwa mara moja akanitazama, nami nikainamia cherehani ambayo haikuwa na uzi.

Wakati wa kula Chadia hakugusa chakula.

"Ile siku mi nilikuwa ku jikoni," akasema. "Sikusikie mluzi."

Nilingoja aendelee. Alichukua sahani akaenda kuziosha.

22 Novemba

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina siku kumi na mbili na bado natembea. Watu wananipisha njia na kuniamkia, "Ba Zakari, Mungu akulipe kwa kuangalia ule mutoto."

24 Novemba

Niandike haraka kabla sijajitafutia udhuru.

Jioni niliufunga waya ndani ya lupango yangu mwenyewe, kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Nilijidanganya kwamba ni kupima tu. Mbingu ilikuwa safi. Hakukuwa na zzzz. Visiwa vilikuja, wanawake wakaimba hadi mwisho, na saa moja kamili mwanamume yule akataja jina la kituo, mara mbili, taratibu, kila herufi mahali pake. Nilipiga paja kwa furaha. Nikachukua kalamu, nikaandika jina, na nikainuka kumwita Chancelvie aje aniandikie.

Nilifika hadi mlangoni. Ndipo nikaukumbuka mkono wake, na kwa nini redio ilikuwa safi.

Nilikaa chini pale mlangoni. Chadia alinikuta nalia akadhani naumwa. Nilimweleza yote. Alisema, "Usinielezee mi. Mi nilijua."

Ukurasa ule wenye jina nimeuchana.

25 Novemba

Nimekwenda kwa Gérard jioni baada ya shule. Walikuwepo yeye, Mama Léonie na Chancelvie. Nilikataa kiti.

Nilisema waya ulikuwa juu. Nilisema nilisikia radi dakika saba kabla, na vidole vilikuwa mdomoni, na sikupiga mluzi kwa sababu nilitaka jina la kituo. Nilisema mtoto alikwenda kufungua kamba, kama alivyofundishwa na nyumba hii tangu utoto wake. Nilisema nilimdanganya Gérard usoni. Kusema yote kulichukua muda mfupi kuliko kujaza uzi kwenye bobini ya cherehani.

Mama Léonie alisimama akaniambia nitoke. Ana haki. Gérard hakusimama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza we, ju nilijua we hauwezi kunidanganya. Ungesema ile siku, mi ningekasirika, vraiment, ningekupiga hata. Kiisha ingeisha. Sasa nimefukuza mama ya batu. Mi, Gérard. Nilisimama pa mulango yangu nikaangalia."

Niligeuka nitoke.

Ndipo Chancelvie akaanza kulia, na nikajua kilio hicho ni changu, ninastahili kila chozi. Lakini alipoweza kusema, alisema: "Donc hakuna mutu aliniita?"

"Hakuna, mama," nikasema. "Ulienda kufungua waya yangu."

"Nilienda na miguu yangu. Mi mwenyewe."

"We mwenyewe."

Aliinuka akafungua mlango wa uani, akatoka nje peke yake hadi chini ya mti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alisimama pale akigusa gome lililopasuka kwa mkono wa kushoto. Mama yake alitaka kumfuata na Gérard akamzuia. Sisi watatu tulimtazama kupitia mlango, na mimi nilikuwa bado sijatoka kama nilivyoambiwa.

26 Novemba

Mvua kutwa. Gérard amekuja ukutani. "Kesho kutwa tunaenda Kasomeno. We na mi." Akarudi ndani.

28 Novemba

Barabara imekuwa uji. Tuliondoka alfajiri, tukasukuma gari mara tatu, na njia nzima Gérard alizungumza na dereva.

Mama Nkandu tulimkuta kwa mdogo wake, barazani, anatenga samaki wadogo na wakubwa. Hakuinuka. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikasema yote tena, na safari hii yalitoka kwa shida kuliko kwa Gérard. Kule nilikuwa nimekosa. Hapa nilikuwa nimeiba.

"Tangu siku gani ulijua?" akaniuliza.

"Tangu ile siku yenyewe."

"Na ukasema siku gani?"

"Siku ya kumi na sita."

Aliendelea kutenga samaki. "Siku balitupa bintu byangu, ulikuwa mu dirisha. Nilikuangalia. Nikasema mu roho: ule mutu hanipende, lakini iko muntu wa haki, atasema kitu."

Gérard akamwomba msamaha, akamwambia chumba ni chake na arudi leo leo. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Nitakuya," akasema. "Siku moja. Mu Jumapili, saa bantu banatoka ku kanisa. Huyu atasema mbele ya bote, na sauti, vile banasema mu redio yake. Kiisha nitaona."

1 Desemba

Leo ilikuwa Jumapili hiyo. Mvua iliacha kunyesha saa tano, na watu wakajaa mbele ya lupango ya Gérard, wengine bado na Biblia mkononi. Vijana waliotupa vikapu walikuwepo, wameegemea ukuta. Mama Nkandu alisimama katikati na mkoba wake, amevaa kitenge kipya. Hakuketi ingawa Mama Léonie alimletea kiti.

Nilisema. Nilipaza sauti hadi ikanikauka. Nilitaja saa, nilitaja dakika, nilitaja waya na mluzi, nikasema mama huyu hakuwepo, alikuwa sokoni anatafuta riziki, na kwamba kama kuna mtu aliyeleta msiba katika lupango hii, ni mimi Zakari, fundi wenu, mnayemjua.

Watu wakatazamana. Kisha Pasta Gauthier akakohoa.

"Tunashukuru Ba Zakari kwa kunyenyekea. Lakini tujue: hata waya inaweza kutumiwa. Na mutu anaweza kuzibwa kinywa asipige mluzi. Nani alimuziba?"

Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Si vyote, lakini vingi. Kijana mmoja akasema, "Njo vile." Nilipiga kelele kwamba hakuna aliyeniziba, kwamba nilijiziba mwenyewe kwa tamaa yangu, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonihurumia. Gérard alipaza sauti pia, sauti ya darasani, akawaita wajinga, na wakamhurumia naye. Chancelvie akatoka mbele ya watu, akainua mkono wake usiofunga, akasema, "Mi nilienda mi mwenyewe! Hakuna mutu aliniita!" Wanawake wawili wakaanza kumwombea.

Siku ya kwanza wangeniamini. Siku ya kwanza hapakuwa na hadithi nyingine.

Mama Nkandu alikuwa akisikiliza yote bila kubadilika uso. Walipochoka, akasema, "Bon. Nimesikia." Akaenda chumbani kwake, akafungua sola ukutani, akaifunga ndani ya kitambaa, akatoka. Gérard alimshika mikono miwili akimsihi abaki. Alimwambia hapana, mwalimu, mi nitalala namna gani hapa? Lakini alimwambia kwa upole.

Alimuaga Gérard. Alimkumbatia Mama Léonie, ambaye alilia begani kwake. Alimkalisha Chancelvie kwenye kile kiti, akampapasa vidole kimoja kimoja, akamwambia ajaribu kuvikunja kila asubuhi katika maji ya moto. Alimuaga Chadia aliyekuwa upande wetu wa ukuta. Aliwaaga hata wale vijana, kwa majina yao, na wawili wakainamisha vichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama langoni, mahali ambapo hangeweza kutoka bila kunipita. Nilikuwa nimeuandaa mkono wa kumuaga. Alipita.